Kuhusu Ukuta Unaosema kwa Sauti ya Baba

Kamati ya Ulinzi ya Familia,
Njiro, Arusha.
16 Novemba 2024.

Ndugu Mwenyekiti (Baba),
Kamati ya Ulinzi ya Familia,
Chumba cha pili kutoka jikoni.

Kupitia kwa: Katibu wa Kamati, ambaye ni mimi.

YAH: MAOMBI YA KUONDOLEWA KWA MFUMO WA ULINZI NA KUTEULIWA KWA BIBI

Mwenyekiti, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naamini u mzima, kwa kuwa nimekusikia ukikohoa sasa hivi upande wa pili wa ukuta. Nimeamua kuandika badala ya kusema kwa sababu mbili. Kwanza, ukiniangalia usoni maneno yangu yote hupotea nikaishia kusema "sawa, Baba". Pili, kwenye kikao cha kwanza ulisema malalamiko yote ya ulinzi yaletwe kwa maandishi, nami niliyaweka maneno hayo kwenye muhtasari na ukasaini.

Utakumbuka kamati iliundwa mwezi Julai, baada ya mtungi wa gesi kupotea jikoni. (Suala la mtungi nitalirudia mahali pake.) Wajumbe ni wewe, Mama ambaye ni mweka hazina, mimi ambaye ni katibu kwa sababu ya mwandiko, na mdogo wangu Richard, ambaye ana miaka minane na haruhusiwi kupiga kura. Tulijadili mbwa. Mama akasema hawezi kumpikia ugali mtu wa tano asiyeosha hata sahani yake. Tulijadili mlinzi, ukasema mlinzi naye atahitaji mtu wa kumwangalia. Ndipo ukamleta fundi Hans na karatasi zake za rangi. Mfumo wake ulishinda kwa kura moja, ambayo ni yako, kwa kuwa Mama alikuwa ametoka kuzima jiko na mimi nilikuwa naandika.

Sasa tuna kamera nne zenye spika, king'ora, nyaya za umeme juu ya ukuta na kufuli ya namba getini, na vyote unavitazama kwenye simu yako popote ulipo. Baada ya miezi mitatu ya kuishi navyo, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Namba ya geti ilipaswa kujulikana na watu wanne. Lakini kila anayebisha hodi unamjibu wewe kutoka ofisini, na kwa kuwa huwezi kuacha kazi uje kufungua, unamtajia namba kwa sauti kupitia spika. Anayeleta maziwa anaijua. Fundi bomba anaijua. Wiki iliyopita uliibadilisha, nami nikasimama nje na mkoba wa shule nikijaribu ile ya zamani, mpaka mama anayeuza mboga ng'ambo ya barabara akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye mchicha wake, "Ni nne saba moja tisa, mwanangu. Baba yako kaibadilisha jana."

2. Tarehe 5 Oktoba nilitembelewa na Naisiae, ambaye ndiye rafiki yangu, na simaanishi mmoja wa marafiki zangu. Tulikuwa sebuleni, kila mmoja na kitabu chake, kimya, kama tunavyopenda. Dari likasema, "Vaileth, hiyo siyo fizikia." Naisiae alimwaga chai yote kwenye kitambaa cha Mama. Nakiri haikuwa fizikia, ilikuwa riwaya ndani ya fizikia. Hata hivyo sidhani kama hilo ni kosa la kiulinzi. Naisiae anasema atarudi siku dari litakapokuwa limesafiri. Mama naye siku hizi anaanika nguo akiwa amevaa gauni la kanisani, kwa kuwa hajui huko ofisini unatazama na nani.

3. Richard anaamkia kamera. Jana ulikuwa umekaa mezani, naye akapita nyuma ya kiti chako, akasimama chini ya kamera namba mbili na kuiomba biskuti.

4. Jumapili ya tarehe 27 Oktoba umeme ulikatika tukiwa tumeshavaa nguo za kanisani. Geti likakataa kufunguka, kwa kuwa kufuli ya namba bila umeme haijui namba wala haimjui mtu, na ufunguo wa dharura ulikuwa umewekwa mahali salama, yaani ofisini kwako. Ukapanda ukuta ukiwa na suti. Nyaya hazikukudhuru kwa sababu nazo hazikuwa na umeme, jambo ambalo mwizi naye angelifurahia. Majirani wakapiga kelele za mwizi. Kamera hazikurekodi lolote. Kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, naandika kwamba mtu pekee aliyewahi kuruka ukuta wetu tangu mfumo ufungwe ni Mwenyekiti. Mimi nilifika darasa la kipaimara limeshafika nusu, mchungaji akauliza sababu, nikasema foleni. Uongo huo naomba uhesabiwe upande wa mfumo.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba nilikuwa tuisheni, Mama na Richard walikuwa sokoni, na wewe ulikuwa kwenye semina Usa River. Bibi Marta, mama yako, alishuka kutoka Nkoaranga na mkungu wake wa ndizi kama Jumamosi zote. Yaliyofuata nimeyaona kwenye kamera namba moja, kwa kuwa kupitia picha zilizorekodiwa ni kazi ya katibu. Nimeyatazama mara nne.

Saa nne na dakika nane Bibi anafika. Haangalii geti. Anaangalia chini, kando ya ukuta, pale yalipokuwa masale. Ni yeye aliyeyapanda mwaka nyumba hii ilipojengwa, kwa vipandikizi alivyovikata kwenye mpaka wa shamba lake. Fundi Hans alisema yanaiziba kamera, nawe ukayang'oa. Hapa Njiro watu huyaona masale kama maua ya kupamba tu. Kwetu mlimani ndiyo mpaka wenyewe, na jani lake ndilo mtu huenda nalo anapoomba msamaha, na anayepelekewa hana namna ya kukataa, hata awe na hasira kiasi gani. Hayo unayajua kuliko mimi. Mwaka ule ulipouza ndama wa Bibi bila kumwambia, ulipanda mlima na jani moja mkononi. Bibi anasema alikuacha umesimama mpaka kahawa ikachemka, lakini alilipokea.

Saa nne na dakika kumi na moja anabisha hodi, na nguzo ya geti inaanza kunong'ona. Sikulaumu kwa kunong'ona, mtoa mada alikuwa mbele yenu. Lakini jiweke mahali pa Bibi. Sauti ya mwanawe wa kumzaa inatoka kwenye saruji, inasema "Mama, bonyeza mbili, halafu sita," haimwamkii, wala haitoki. Bibi akasema, "Abdiel, toka nje uniamkie." Nguzo ikasema, "Mama, siwezi, bonyeza sita." Bibi akasema, "Unajificha, mimi mama yako?" Nguzo ikasema, "Mama, mimi niko Usa." Bibi akasema, "Usa ni kule. Wewe uko humu." Akaegemeza ndizi kwenye geti. King'ora kikalia. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo hajashuka. Leo ni Jumamosi ya tano. Umempigia simu mara tatu, na kila mara amemkabidhi jirani simu akisema hazungumzi na sauti isiyo na mtu. Ujumbe wake ni kwamba atakuja siku mwanawe atakapotoka ukutani.

Mwenyekiti, kipaimara changu ni Jumapili ya pili ya Desemba. Bibi ndiye aliyenifundisha Amri Kumi kabla sijajua kusoma, nikiwa nimekaa juu ya debe la kahawa. Aliahidi kukaa benchi la mbele, ili mchungaji akiniuliza mbele ya watu wote na jibu likanitoka, niangalie midomo yake. Litanitoka. Unanijua.

Kwa sababu hizo, naomba kamati iuondoe mfumo na nafasi yake ichukuliwe na Bibi. Sifa zake ni hizi:

(a) Hatumii umeme wala bando. Umeme ukikatika huona vizuri zaidi, kwa kuwa televisheni inakuwa imezimika.

(b) Kamera inajua kwamba huyu ni mtu. Bibi anataka kujua ni mtu wa nani. Kijana aliyekuja kusoma mita mwezi wa Mei alihojiwa habari za babu zake wa pande zote mbili, na aliondoka na maparachichi matatu na jina la shangazi ambaye hakujua kuwa anaye.

(c) Katika siku zote alizokaa getini, hakuna mtu hata mmoja aliyeingia bila Bibi kujua ni wa ukoo gani. Naomba sentensi hii isomwe kama ilivyoandikwa, bila kuongezewa.

(d) Mahitaji yake ni kiti chenye mgongo, chai ya maziwa, na mtu wa kumsomea gazeti. Huyo wa mwisho yupo tayari.

Mpango ukifaulu, napendekeza kila nyumba ya mtaa huu ishushe bibi mmoja kutoka mlimani. Mabibi wakikaa kila geti na kusalimiana kutoka geti hadi geti, mwizi hatavuka kona ya kwanza bila kuulizwa ameoa au hajaoa, na kwa nini. Akifika kona ya pili atakuwa ameshatafutiwa mchumba. Benki zitatuiga zenyewe.

Utekelezaji uanze kwa masale kurudishwa mahali pake, spika zote kuzimwa, na Mwenyekiti kwenda Nkoaranga yeye mwenyewe, akiwa na mwili wake wote, na kuamkia.

Nisalimie Mama, ingawa namsikia akimenya viazi. Nisalimie Richard, aliyelala juu ya faili la kamati. Fundi Hans naye asalimiwe, sina ugomvi naye, pamoja na mama wa mchicha, ambaye ndiye mtunza namba yetu. Salamu pia kwa kamera namba mbili, iliyoniona nikiandika tangu saa nane na bila shaka imeshakuambia.

Ni mimi mwanao, niliye ukuta mmoja kutoka kwako,

Vaileth Abdiel Mbise,
Katibu.

Nakala: Mama.
Bibi Marta, Nkoaranga (nakala yake isiwe na nyongeza, wala aya inayotaja mtungi).

Nyongeza:

Suala la mtungi. Haukuibwa usiku kama ilivyo kwenye muhtasari wa kwanza. Uliondoka Jumamosi saa tano asubuhi, wewe na Mama mkiwa msibani, na ulipitia getini. Bibi ndiye aliyefungua. Kijana alibisha hodi, akaamkia vizuri, akaulizwa ni wa nani, akasema ni mjukuu wa Aminieli wa Poli. Bibi akamkaripia kwa kupotea miaka yote hiyo, akampa chai na ndizi. Kijana akasema Mama amemtuma aupeleke mtungi ukajazwe. Bibi akamsaidia kuufunga kwenye pikipiki kwa kanga yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kitabu. Nilijua Mama hajamtuma mtu. Nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia, na nilipoipata pikipiki ilikuwa imeshafika lami. Kwa kuwa uliagiza Bibi asiambiwe habari za wizi asije akaogopa, mpaka leo hajui. Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza kama mjukuu wa Aminieli ameshaurudisha, nami nasema bado. Naomba asijue kamwe.

Kwa hiyo Bibi si mfumo mzuri wa ulinzi, na katibu ni mbaya zaidi. Lakini namtaka benchi la mbele.

Jani lililokuwa limekunjwa ndani ya barua hii ni la sale. Siku ya kung'oa niliokoa shina moja, liko kwenye kopo la rangi nyuma ya tangi la maji, ambapo kamera namba tatu haifiki. Limebaki na majani sita. Chukua moja la kwenda nalo Nkoaranga. Hili la kwangu umeshalishika.