Haina Floridi, Haina Sukari, Haina Aibu

Mdomo, kama mji mzima ulivyomwita, aliingia dukani kupigwa na kiyoyozi, si kununua. Alikuwa akizungukazunguka kwenye rafu za sabuni kama mtu mwenye orodha ndefu, ndipo alipomwona mama mmoja wa miwani ya dhahabu amesimama mbele ya dawa za meno, simu sikioni.

"Dada, hii ina floridi. Si ulisema ni sumu? Nani kasema? Aa, umetumiwa kwenye simu! Basi naiacha."

Mama akairudisha ile dawa ya kawaida kana kwamba imemng'ata, akachukua nyingine yenye mchoro wa jani la kijani, bei yake mara nne, akaondoka na uso wa mtu aliyeuokoa ukoo mzima.

Mdomo akasogea. Akachukua tyubu tatu zilizoitwa za asili, akazigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Ya kwanza ilikuwa chaki, gliserini, maji na mnanaa. Ya pili chaki, gliserini, maji, magadi na karafuu. Ya tatu ilitiwa mkaa ikawa nyeusi kama dhambi, lakini ukiufuta ule weusi unakuta chaki, gliserini na maji. Ndugu wa tumbo moja waliovaa mashati tofauti! Na mbele, kwa herufi za kutisha, zote zimeandikwa: HAINA FLORIDI.

"Kumbe watu wanalipia kisichokuwemo," alijisemea, na moyo ukamuuma. Yeye miaka yote alikuwa akiuza visivyokuwepo, kuanzia viwanja hadi nafasi za kazi, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Siku hiyohiyo akaenda kwa shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, fundi cherehani mwenye maneno machache.

"Shemeji, nahitaji jiko lako."

"Jiko peke yake, au na mimi ndani yake?"

"Nyote wawili. Tunafungua kampuni. Na nimeshaamua, itaandikishwa kwa jina lako."

Msomaji asije akadhani ule ulikuwa ukarimu. Mdomo alikuwa na kanuni moja tu maishani: jina liwe la mwenzake, mkono wa kupokea pesa uwe wake. Siku askari wakibisha hodi, wamkute mwenye jina. Shemeji alimtazama kama anavyotazama kitambaa chenye kasoro, akauma uzi kwa meno, akasema, "Haya."

Wakatwanga chaki za ubaoni, wakachanganya na gliserini na magadi, wakadondoshea mafuta ya mnanaa. Mdomo akaongeza asali, ulimi usije ukagoma. Kwenye tyubu wakabandika picha ya mlima ambao hata Mungu hakumbuki kuuumba.

Jumamosi asubuhi akasimama mbele ya chama cha wakazi wa mtaa wa wenye nazo, amevaa koti jeupe la kuazima. Mezani kapanga dawa nne za asili za watu, na yake ya tano.

"Ndugu zangu, sikuja kuuza. Nimekuja kulinganisha." Akainua tyubu ya kwanza, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu ya kunyongwa: "Kalsiamu kaboneti!"

Ukumbi ukaguna.

"Sodiamu bikaboneti! Jamani, kuna anayemjua huyu? Ungemfungulia mlango usiku?"

"Hatumjui!" wakajibu watu wazima, wengine wana shahada mbili.

Akaichukua yake, akalainisha sauti. "Na hii? Unga wa jiwe jeupe la mlimani. Magadi waliyopikia bibi zetu. Basi."

Kwamba jiwe jeupe ndilo hilohilo kalsiamu, na magadi ya bibi ndiyo hiyohiyo sodiamu, lilikuwa jambo la kumuuliza mtoto yeyote wa shule. Lakini watoto wa shule hawakualikwa.

"Ina floridi?" akauliza mzee mmoja wa mbele.

"Haina."

"Sukari?"

"Haina, mzee wangu."

"Risasi je?" akadakia mkewe.

"Haina, mama. Wala baruti."

Kila "haina" ilipigiwa makofi. Angesema haina dawa, wangesimama kumshangilia.

Nyuma kabisa akanyoosha mkono daktari wa meno wa mtaa ule, mwanamke mwembamba. "Na je, inazuia meno kuoza?"

"Daktari," Mdomo akatabasamu, "wewe umewahi kuona simba ameziba jino?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Daktari naye akacheka, akapita mlangoni, akaacha kadi za kliniki yake karibu na sanduku la mauzo. Kadi nyingi.

Biashara ikashika moto. Kila maonyesho Mdomo alipiga mswaki hadharani, mara nne mara tano kwa siku, na asali ile ikapata njia hadi kwenye gego lake la nyuma lenye tundu la miaka. Wiki ya sita shavu likavimba kama limeficha embe. Na wiki hiyohiyo akapiga simu tajiri mmoja mwenye kiwanda cha sabuni: anataka kuinunua siri ya dawa, yote, kesho saa nane mchana.

Siri yenyewe ilikuwa imeandikwa nyuma ya tyubu. Lakini tamaa haigeuzi tyubu.

Usiku ule Mdomo hakulala wala hakukaa. Asubuhi akajipeleka kwa yule daktari.

"Unatumia dawa gani ya meno?" akauliza daktari, sindano mkononi.

Mdomo akafumba macho, akapanua kinywa.

"Nilidhani hivyo," daktari akasema, akaling'oa.

Saa nane mchana Mdomo akaketi mbele ya tajiri, shemeji ubavuni, pamba mdomoni, ulimi umekufa ganzi, mate yanamtoka upande mmoja. Alikuwa amemwandikia shemeji kila neno la kusema. Shemeji aliikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye pochi, akasema yake.

"Mzee, siri ni yangu. Kampuni ni yangu, vyeti hivi hapa. Lakini siri bila mkono wa kuikoroga ni karatasi tu. Mkono ni huyu shemeji yangu. Bila yeye haishikani."

Tajiri akamtazama Mdomo kwa heshima. "Kweli, mtaalamu?"

Mdomo akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Kusifiwa hakukataliwi.

"Basi naye nitamtaka. Miaka miwili."

Shemeji akasogeza karatasi ya pili. "Tia sahihi, shemeji. Hii ni ya heshima yako."

"Ngh," alisema Mdomo, akatia. Tajiri akamkabidhi mwenye kampuni malipo yake, kama sheria inavyotaka.

Ganzi ilipoisha jioni, Mdomo alikwenda kwa shemeji akakuta chumba kitupu. Hata cherehani imeondoka. Jirani alisema mama amehama mji, kaenda kufungua karakana ya sare za shule, kaacha salamu: meno yakipoa, ale uji.

Akamkimbilia tajiri. Tajiri akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Una njia mbili. Utimize mkataba wa miaka miwili uliotia sahihi, au tuongozane kituoni ukawaeleze askari huo mlima uko nchi gani."

Jumatatu saa moja kamili asubuhi tapeli mkubwa wa mji alikuwa amevaa aproni na kofia ya plastiki, mbele ya pipa lililomfika kifuani, mwiko mrefu kama kasia mkononi. Vumbi la chaki lilimjaa kwenye kope. Msimamizi, mama mnene asiyecheka, alisimama pembeni na saa yake.

Mdomo akajaribu bahati. Akasafisha koo, akashusha sauti ile ya asali. "Dada yangu, mtu mwenye macho kama yako hafai kukaa kiwandani. Nina mpango mmoja mdogo, wa watu wawili tu..."

"Koroga," alisema msimamizi.