Ngazi Arobaini na Moja za Harusi ya Eliane

Jumatatu, tarehe 7 Julai 2025

Nimepimwa zahanatini. Kilo mia moja na ishirini na tatu. Presha juu kidogo. Muuguzi Marcienne hakunicheka wala hakunigombeza, Mungu ambariki. Alisema nianze kutembea dakika kumi asubuhi, kumi jioni, nivae viatu vya kufunga, nisiache dawa. Aliniambia, “Papa Byamungu, tembea mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.” Kwenye sahani, nusu iwe mboga, ugali wa fufu ngumi moja, maharage au samaki wadogo wa ndagala pembeni. Mafuta kidogo. Nisiruke mlo. Mwili, anasema, unataka miezi.

Mimi sina miezi. Nina siku kumi na tisa. Binti yangu Eliane anaolewa tarehe 26 kule Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, katika kanisa lililo juu ya kilima. Jana nilimsikia nyuma ya pazia akimwomba mdogo wangu Gad ampeleke altareni badala yangu. Alisema ngazi ni arobaini na moja, na papa akizipanda atafika hana pumzi, watu watamcheka.

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku analia. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Leo nimejikatia suti ya harusi. Kiuno cha sentimita mia moja na tano. Changu ni mia na ishirini na nne. Nguo ikishakuwepo, mwili utaona aibu na kuifuata.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimefanya hesabu. Kama dakika kumi zinasaidia kwa miezi, saa mbili zitasaidia kwa siku. Nilitoka alfajiri, nikashika njia ya kwenda Rubondo kwa mwendo wa askari. Sikuweza kuongea wala kuimba. Nikaona huo ndio ushindi.

Kurudi nimerudi kwa boda. Magoti yamevimba. Mke wangu Chantal ameyakanda kwa kitambaa cha maji baridi bila kuniuliza chochote. Miaka ishirini na saba tangu tutoke Fizi, kule Kongo, na bado ananikanda magoti. Mwanamke huyu nilipewa, sikumstahili.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Kwa kuwa magoti yamegoma, nitapungua nimekaa. Nilivaa makoti matatu ya wateja, na juu yake turubai la plastiki, nikashona hivyo mpaka saa saba mchana. Jasho lilijaa viatuni. Nikaenda kujipima: kilo moja na nusu zimetoka. Nikatangaza sokoni.

Nilipofika nyumbani nikanywa maji lita mbili. Nikarudi kupima. Kilo moja na nusu zimerudi, zikiwa na afya njema.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshamtangazia Nshimirimana. Huyu ni bamwana wangu, baba yake Régis, kijana anayemuoa Eliane. Ni Mrundi, mwuza maharage, naye ni mnene kama mimi. Naye anahudhuria kikundi cha kutembea cha Marcienne, naye anajisifu. Alinitazama kwa upole, akasema yeye ameshapungua kilo mbili kwa kutembea dakika kumi na tano tu na kula mboga za lengalenga. Mtu mwongo huyu. Upole wake ndio unaoniudhi.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Siku ya pili ya maji na ndimu tu. Nimemwambia Chantal nafunga kwa ajili ya ndoa. Akasema basi tuombe pamoja, akaniombea kwa moyo wote, nami nikasimama pale kama mwizi kanisani.

Saa kumi jioni miguu yenyewe ilinipeleka kwa mama muuza chapati, nyuma ya magunia ya mkaa, mahali ambapo hakuna anayepita. Nikainama kupita chini ya turubai, na nani nikamkuta amekaa pale, chapati mbili mkononi na ya tatu magotini? Bamwana wangu.

Tulitazamana. Nikanunua zangu nne, nikakaa kwenye gunia lililobaki. Tukala kimya kama watu walio kwenye matanga. Alipomaliza, akafuta midomo, akasema kwamba amekuja kuangalia bei ya unga. Nikasema hata mimi.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Nimeandikiwa kupumzika, kwa hiyo naandika nikiwa nimelala.

Baada ya chapati niliona haya, nikaamua kujiadhibu. Jana kutwa sikula kitu. Na dawa ya presha nikaiacha, maana Marcienne aliniambia niimeze na chakula, na chakula sikuwa nacho. Leo asubuhi nikatoka kukimbia. Karibu na bomba la maji dunia ikageuka njano, kisha ikazima.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa kwenye paja la Nshimirimana. Alikuwa amenifunika uso kwa kofia yake na kunilegeza mkanda. Nilitaka kuinuka, akanizuia kifuani kwa kiganja.

“Bamwana, tulia,” alisema. “Eliane anataka baba, hataki suti.”

Nikamuuliza alijuaje habari ya suti. Akasema Chantal amemwambia kila mtu, kwa sababu anaogopa.

Akatuma watu wamwite Marcienne. Muuguzi alinipima presha, akanipa uji kwa vijiko vidogo. Hakupiga kelele. Alisema kizunguzungu ni mwili unaoomba tusimame, na mtu hasimami kwa sababu ni mvivu, anasimama ili kesho atembee tena. Kisha akanishika mkono akasema, “Papa, wewe si adui wa mwili wako. Mwili huu ndio ulikubeba kutoka Kongo.”

Nililia kidogo. Nshimirimana akageuka upande mwingine, akaanza kuzungumzia mvua.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Marcienne ameruhusu dakika kumi. Nshimirimana anakuja kunichukua kila asubuhi baada ya uji. Tunatembea, tunaongea. Yeye akianza kuimba zaburi najua tunakwenda polepole mno, tunaongeza mwendo. Akinyamaza, tunapunguza. Jioni tunakaa kwenye viti, tunainua miguu mmoja mmoja kama Marcienne alivyotuonyesha, na wake zetu wanahesabu.

Amekiri kwamba zile kilo mbili zilikuwa moja. Nimemsamehe. Nimekiri na mimi habari ya makoti. Alicheka mpaka akakaa chini, na kukaa chini kwetu si jambo dogo.

Namshukuru Mungu kwa mtu huyu. Kama ningechagua bamwana mwenyewe, ningekosea.

Jumamosi, tarehe 26 Julai, Mbarara

Asubuhi suti ilikataa, kama kila mtu alivyojua isipokuwa mimi. Chantal akafungua mfuko wake. Alikuwa ameshona vipande vya kitambaa cheusi vya kuongeza ubavuni, kila upande kimoja, tangu wiki iliyopita. Mimi ni fundi, lakini mshono ule sina cha kuukosoa.

Gad alikuwa tayari chini ya ngazi. Nikamwambia Eliane kwamba akitaka kwenda na Gad sitakasirika. Yeye akapitisha mkono wake kwenye mkono wangu.

Ngazi kumi na tano, tukasimama. Eliane akajifanya anatengeneza shela. Ngazi ya ishirini na nane, tukasimama tena. Shela ile haijawahi kutengenezwa hivyo. Juu kabisa nilikuwa nahema lakini nilikuwa naongea. Nilimwambia, “Mwanangu, asante kwa kunisubiri.” Akasema, “Papa, tulikuwa na wakati mwingi.”

Nshimirimana alikuwa mlangoni analia waziwazi, ameshika kofia.

Jumapili, tarehe 27 Julai

Nimeamka nina furaha na shukrani. Marcienne, ambaye alikuja harusini, amenipima kabla hatujaondoka Mbarara: kilo mbili zimepungua kwa wiki tatu, presha imetulia. Alisema ndivyo inavyotakiwa, polepole, nisibadilishe kitu chochote.

Nimemwahidi. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Lakini pale stendi, tukisubiri gari la kurudi Nakivale, nimekutana na mzee mmoja wa Isingiro, mwembamba kama uzi, ambaye ameniapia kwamba nanasi linayeyusha mafuta ya tumbo ndani ya siku tisa, mradi usile kingine chochote. Nimefikiri. Kilo mbili ni kwa lengalenga. Je, kwa nanasi?

Nimenunua mananasi kumi na nane. Tisa ni ya Nshimirimana. Mwanzoni alikataa, akanikumbusha bomba la maji. Nikamweleza hesabu. Amekubali, anasema hawezi kuniacha peke yangu.

Tunaanza kesho. Chantal hajui.