Kitambaa Chekundu cha Kilomita Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini. Miezi tisa ya misheni ya kulinda amani ng'ambo imekwisha, nimeripoti kwenye stoo yangu ya kambi, nimekuta funguo zipo na vumbi lipo. Kifua kimepanuka mpaka kifungo cha pili cha sare kinakataa kufunga. Kule tulikuwa na vyuma vya kunyanyua na jioni ndefu. Nilinyanyua. Sasa mikono ni mikono kwelikweli!

Kisha nikapita kwenye ubao wa matangazo. Lo! Sote tuliorudi tunapimwa Jumanne ya wiki ijayo: pushapu hamsini, halafu kilomita tatu kwa dakika kumi na sita. Atakayeshindwa ataungana na makuruti kwa mazoezi ya wiki sita. Mimi, sajenti! Na mwalimu wa mazoezi ni nani? Shemeji. Mdogo wake mke wangu, koplo wa juzi, niliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za buti. Anipigie filimbi mimi? Haiwezekani.

Jumanne, 5 Machi

Pushapu sitini, safi. Nikacheka peke yangu. Nikaanza kukimbia. Mzunguko wa kwanza wa uwanja, sawa. Wa pili, pumzi ikakata, miguu ikagoma, mkata majani akaniletea kiti. Kiti! Kabla ya kuondoka nilizimaliza kilomita tatu kwa dakika kumi na nne. Lakini kule misheni getini hatukutoka ila ndani ya gari, na kutoka stoo mpaka bwalo la chakula ni hatua themanini. Nilizihesabu.

Mke akauliza mazoezi yamekwendaje. Nikamwambia nimejizuia, nisije nikawavunja moyo wenzangu.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kapita stoo. Akasema kwa upole kwamba wengi hurudi hivi, mikono imejaa na pumzi imeisha. Tukimbie sote kila asubuhi, polepole, itarudi. Upole wake ndio unaniudhi! Nikamwambia nina programu yangu. Akauliza programu gani. Nikasema ni siri ya kijeshi.

Sina programu yoyote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingia kwa daktari wa kambi nikichechemea. Akalibonyeza goti, akalikunja, akalikunjua, akasema ni zima kabisa na dawa yake ni kukimbia. Nikatoka kwa hasira, kwa mwendo wangu wa kawaida. Naye akanipungia mkono dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Shemeji kaleta maombi ya vifaa: vitambaa vyekundu arobaini. Mbio zinaanzia getini, zinazunguka tangi la maji, zinarudi. Kule tangini kila mkimbiaji atafungwa kitambaa mkononi, ushahidi kwamba amefika. Na vitambaa vinatoka wapi? Stoo. Stoo ya nani? Ehee!

Nimejichukulia kimoja cha ziada mapema. Siku yenyewe nitakula kona nyuma ya karakana, nitatulia, kisha nitarudi na wenzangu. Leo nimekula chakula cha mchana mara mbili.

Jumanne, 12 Machi

Nimefaulu! Dakika kumi na tano kamili. Nyuma ya karakana kuna kivuli kizuri ajabu.

Mke aliposikia akanikumbatia, machozi yakamlengalenga. Akasema tangu nirudi amekuwa akinisikiliza ninavyotweta kwenye ngazi, na roho yake haijatulia. Hapo niliona aibu, nasema kweli. Iliondoka baada ya chakula.

Jumatano, 13 Machi

Nimeumbuka.

Shemeji kaja na kitambaa kimoja. Tulikimbia watu arobaini, alipewa vitambaa arobaini, na kimoja kimebaki. Akaomba daftari la stoo aandike anachorudisha. Akasoma. Akasoma tena. Akaligeuza upande wangu. Ijumaa: kitambaa chekundu, kimoja. Amepewa: sajenti wa stoo. Matumizi: mbio za Jumanne. Saini yangu. Na muhuri!

Ningefanyaje? Miaka kumi na moja sijatoa hata sindano humu bila kuandika. Mkono uliandika wenyewe.

Shemeji akafunga mlango. Akasema kwa mkuu wa kikosi hanipeleki, kwa ajili ya dada yake. Lakini hataki dada yake awe mjane kwa sababu ya ngazi. Kwa hiyo nichague: niende mwenyewe nikaziombe zile wiki sita, au daftari liende. Halafu sauti ikamshuka, akasema, shemeji, mimi nilikuwa najivunia kukimbia nyuma yako. Nikakosa pa kutazama.

Nimekwenda kuomba. Mkuu amenisifu kwa moyo wa kujitolea.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza. Mstari wa nyuma, kati ya makuruti wawili ambao hata ndevu hawana. Koplo akapiga filimbi, sajenti akakimbia. Mizunguko miwili na nusu, bila kiti! Mke amenikanda miguu huku akiimba. Kifungo cha pili nacho karibu kifunge.

Kuanzia kesho tunapanda kilima, na kila atakayefika juu anafungwa kitambaa cha bluu. Vimetoka stoo leo asubuhi. Nimekaa nikatafakari kosa langu la Ijumaa ile, kwa unyenyekevu kabisa, na nimeliona lilipo. Kimoja cha bluu kiko mfukoni mwangu. Kwenye daftari nimeandika kimeliwa na panya, nikasaini, nikagonga muhuri.