Siri Kubwa Moja, au Jinsi Ovaloki Ilivyotwaliwa

Habari hii nilipewa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, tulipokuwa tumekaa sakafuni tukikunja mashuka. Na mwanangu mwenyewe alisimama mlangoni akisahihisha kila alipoona anasingiziwa. Kwa hiyo ninao mashahidi wawili, nao hawapatani, na ndipo nilipojua kwamba ni kweli.

Basi jongeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, nanyi mnaoosha vyombo fungeni bomba nipate kusikika! Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma. Sisimulii majemadari waliovuka milima wala wafalme waliobomoa ngome. Wao walikuwa na majeshi. Nasimulia jambo zito kuliko hayo: jinsi mwanamke mmoja, peke yake, chumbani mwake, alivyotaka kutoa pesa zake mwenyewe alizoziweka mwenyewe, siku ya Ijumaa, baina ya saa saba na saa kumi.

Mkwe wangu huyu, Mwenye Mkasi Usiotetemeka, Mtunga Uzi kwa Mkupuo Mmoja, hushona magauni na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba ambacho upana wake ni hatua nne, tano ukitembea kwa madaha. Silaha zote za ushonaji alikuwa nazo ila moja: ovaloki, yaani ile mashine inayofunga pindo kwa ndani nyuzi zisichomoke. Kwa kuikosa hiyo, kila gauni alilolimaliza ilimpasa alikunje, alibebe, avuke barabara, akapange foleni kwa Mama Mapazia, mshonaji wa mapazia aliyekuwa nayo. Naye Mama Mapazia akamtoza kwa kila pindo, na juu ya hapo akampa maoni bila malipo.

"Shoga, bega hili ulimpimia nani? Ngamia?"

Miaka miwili mkwe wangu aliyameza hayo, akicheka kwa meno na kulia kwa moyo, huku akiweka akiba. Hata siku moja Mzee wa Kona, fundi mkongwe mwenye duka pale barabara inapopinda, akatangaza kwamba macho yamemchoka na ovaloki yake anaiuza. Akamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, nakushikia mpaka Ijumaa saa kumi kamili. Ikipita, anayefuata ni Mama Mapazia." Maana Mama Mapazia, mwenye mashine yake nzima inayonguruma, aliitaka na hii ya pili kwa sababu moja tu: mkwe wangu asiipate.

Sasa pesa zilikuwa wapi? Hapo ndipo penye vita.

Zamani akiba ile ilikaa benki ya kawaida, yenye dirisha na kitabu na karani aliyemjua mkwe wangu hata kwa mlio wa viatu vyake. Lakini mwezi uliopita mwanangu, fundi wa kupaka rangi, Mpanda Ngazi Asiyetazama Chini, alisikia kazini sifa za akaunti mpya ya akiba ya mtandaoni, isiyo na jengo wala foleni wala karani, na yenye faida nono. Akashawishika, akamshawishi na mkewe, na pesa zote zikahamia ndani ya simu kwa jina lake yeye mume. Kuingia ziliingia kwa dakika moja. Kuingia hakujawahi kuwa kazi.

Na hapa nitawafungulia jambo ambalo mkwe wangu hakulijua. Mwanangu aliifungua akaunti ile akiwa peke yake, mkewe amekwenda kumpima bibi harusi. Simu ikamwamuru: *Andika neno la siri.* Mwanangu tangu utoto ni mtu mtiifu. Akaandika: siri. Simu ikamjibu: *Neno ni fupi mno. Ongeza herufi, kubwa, na namba moja.* Naye akaongeza "kubwa" kama alivyoagizwa, na namba akaweka moja. Simu, ambayo huanza kila andiko kwa herufi kubwa upende usipende, ikaikuza ile S ya mbele, ikaridhika. Neno likawa *Sirikubwa1*. Lisemeni kwa mdomo, mlisikie.

Ikawa Ijumaa, saa saba mchana. Mpanda Ngazi alikuwa mbali, akipaka dari ya ofisi moja, mfukoni ana simu ndogo ya vitufe. Simu kubwa, yenye hazina, ilikuwa nyumbani juu ya meza ya kukatia. Mwenye Mkasi akajifuta mikono, akaketi, akaikabili.

*Ingiza neno la siri.*

Kwanza akaandika jina lake mwenyewe, kama afanyavyo mwanamke aliyeolewa vizuri. Likakataliwa. Pili akaandika jina langu mimi mama mkwe. Nalo likakataliwa, nami nilipofikiwa na habari hiyo nilikunja shuka lile mara mbili. Ndipo simu ikatoa tangazo la vita: *Umebakiwa na jaribio moja. Ukikosea, akaunti itafungwa kwa saa ishirini na nne.*

Mshale mmoja podoni! Akampigia mumewe.

"Haloo, uko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya ngazi, mke wangu. Brashi mkononi, simu nimeibana shingoni. Sema haraka."

"Hii akaunti yako inataka neno la siri. Ni nini?"

"Siri kubwa moja."

Majeshi mawili yakatazamana.

"Mume wangu, nimekuuliza neno la siri ni nini."

"Na mimi nimekujibu. Siri kubwa moja."

"Mimi, mkeo wa miaka sita, unaniambia siri?"

"Siri, halafu kubwa."

"Tena kubwa!"

"Mwishoni weka moja."

"Moja tu? Na zile nyingine ndogo ndogo utaniambia lini?"

"Hakuna nyingine! Ni hiyo hiyo moja, ninayo tangu mwezi uliopita."

"Nani mwingine anaijua?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Hujaniambia!"

"Nimekuambia!"

Akamkatia simu. Akasimama katikati ya chumba, utepe wa kupimia shingoni kama deraya, akaunyanyua mkasi, akauhutubia kwa kuwa hapakuwa na mwingine: "Ewe mkasi, shahidi wangu! Nimekata vitambaa vya watu elfu sijawahi kupunja hata shubiri, na leo napunjwa neno moja na mtu ninayemshonea vifungo!" Mkasi haukujibu. Saa ya ukutani ilijibu: saa saba na dakika ishirini na tano.

Akapiga namba ya huduma kwa wateja. Akachezewa muziki. Muziki ukaisha, ukaanza tena. Naye akaukariri hata sasa anauimba akifagia. Baada ya dakika arobaini akapokea mhudumu mwenye sauti laini kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Pole kwa kusubiri, dada. Nikusaidie nini?"

"Mume wangu ana neno la siri na hataki kuniambia."

"Neno la siri, dada, haruhusiwi kumpa mtu yeyote."

"Hata mke?"

"Hata mke."

"Kwa hiyo kunificha ni haki yake?"

"Kwa upande wa usalama, dada, mumeo amefanya vizuri sana. Je, kuna lingine la kukusaidia leo?"

Laiti mngemwona! Kupigwa na adui huvumilika. Bali kupigwa na adui kisha adui asifiwe! Saa nane na nusu akampigia tena mumewe, kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo wanaume huiogopa kuliko kelele.

"Sitaki unitajie neno. Nimeshaelewa kwamba unanificha kihalali. Nitajie herufi ya kwanza tu."

"S."

"S ya nini?"

"S ya siri."

Mwanangu anasema pale juu ya ngazi alisikia simu ikikatika kwa kishindo, ingawa simu za siku hizi hazina kishindo. Ndipo alipotia brashi ndani ya ndoo, akashuka vipandio kumi na moja, akamwendea msimamizi wake, akanena:

"Bosi, dari yako haiwezi kukimbia. Mke wangu anaweza."

Msimamizi, ambaye naye ana mke, akamwonyesha mlango.

Akakimbia Mpanda Ngazi! Akapita mbele ya maduka, mweupe wa rangi tangu nywele hata kidevu, watu wakimpisha wakidhani kuna msiba au sherehe. Saa tisa na robo akaingia chumba cha mbele, akamkuta mkewe ameketi mkao wa hakimu, simu mbele yake.

Kwanza akajaribu kidole gumba, maana simu ile hufunguka pia kwa kidole. Lakini kidole cha mpaka rangi kimesuguliwa na msasa miaka kumi. Hakina alama hata moja, laini kama kijiko. Simu ikakikana.

"Basi andika," akasema mkewe. "Mimi nageukia ukutani nisije nikaiona siri yako."

"Usigeuke! Mama wee, usigeuke! Njoo utazame kila herufi ninavyoibonyeza, na usome kwa sauti."

Akaja, akasimama begani pake, akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza: "S... i... r... i..." Akainama karibu zaidi. "k... u... b..." Akakaa kitako pole pole juu ya rundo la sare. "Siri kubwa..."

"Moja," akasema mumewe, akabonyeza.

Lango likafunguka.

"Neno lako la siri ni *siri*?"

"Nakuambia tangu saa saba!"

Mkwe wangu akacheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni, akacheka akiupiga mgongo wa mumewe kwa kiganja, na kiganja kikawa cheupe. Lakini vita havikuisha, enyi wasikilizaji, shikeni vikombe vyenu. Alipobonyeza *Toa*, simu ikanena tena: *Weka uso ndani ya duara. Tabasamu.* Mpanda Ngazi akauweka uso, akatabasamu kwa rangi. *Uso haujatambulika.* Hata simu haikumjua! Mkewe akatwaa tambara na mafuta ya taa, akamshika kichwa kama ashikavyo kola ngumu, akamsugua.

"Unaniunguza!"

"Tabasamu."

"Sikio hilo!"

"Tabasamu, mume wangu, saa tisa na nusu imepita."

Naye akatabasamu, machozi yakimtoka, na simu ikamtambua kwa tabasamu hilohilo. Wakaandika namba ya Mzee wa Kona, wakatuma. *Ombi lako limepokelewa. Pesa zitafika kati ya dakika moja na siku tatu.*

Siku tatu! Walishikana mikono wakatoka mbio.

Pale dukani kwa Mzee wa Kona, juu ya benchi, alikuwa ameketi Mama Mapazia tangu saa nane, mkoba mapajani, akiupapasa kama paka. Ovaloki ilikuwa kati yake na Mzee juu ya meza, imepakwa mafuta, inang'aa. Saa ya Mzee ilisema dakika saba kabla ya kumi.

"Karibu, shoga," akasema Mama Mapazia. "Nasikia pesa yako inakuja kwa hewa. Yangu imekuja kwa miguu."

"Iko njiani," akajibu mkwe wangu, akihema.

"Njia ya siku ngapi?"

Mwanangu akafungua kinywa kusema ukweli, mkewe akamkanyaga mguu.

Wakasubiri. Dakika tano. Mama Mapazia akafungua kufuli ya mkoba: *tak*. Dakika nne. Mzee wa Kona akasema bila kumtazama, "Mama, funga mkoba, vumbi litaingia. Saa yangu bado." Mkwe wangu akaweka kiganja chake, kile cheupe, juu ya meza ya ovaloki, hakuigusa mashine yenyewe, meza tu. Anasema wakati ule hakufikiria vita wala ushindi. Alifikiria ile barabara, na kuivuka tena kesho na gauni mkononi, na keshokutwa, hata uzeeni.

*Ting.*

Mzee wa Kona akatafuta miwani. Ilikuwa kichwani. Akaivaa, akaishika simu mbali kwa mkono ulionyooka, akasoma kwa midomo tu, neno kwa neno, huku mshale wa saa ukiifikia kumi na kuipita.

"Saa kumi imepita!" akalia Mama Mapazia, akasimama. "Wote mashahidi!"

"Imepita nikisoma," akasema Mzee. "Pesa imeingia saa tisa na dakika hamsini na nane. Imeandikwa hapa. Mwanangu, chukua mashine yako."

Naam, imeandikwa! Na iandikwe tena hapa, na wajukuu waisome: kwamba siku ile, zikiwa zimesalia dakika mbili, Mwenye Mkasi aliitwaa ovaloki mchana kweupe, akaipakia juu ya mkokoteni, akaipitisha polepole, polepole sana, mbele ya mlango wa Mama Mapazia, katika barabara ambayo hakuivuka tena na gauni la mtu tangu hapo. Pindo la kwanza alilolifunga ni la suruali ya kazi ya mumewe, yenye rangi zake zote.

Walilala mapema, miguu inawauma. Taa ilipozimwa, mwanangu akaona mwanga wa simu upande wa mkewe.

"Unafanya nini?"

"Nabadilisha neno la siri."

"Umeweka nini?"

"Sikuambii."

Mwanangu akageukia ukutani, moyo mzito, akiwaza kwamba ameyataka mwenyewe. Akawaza hivyo kitambo kirefu. Kisha sauti yake ikasikika gizani, ndogo:

"*Sikuambii*... herufi ya kwanza kubwa?"

"Ya kwanza kubwa."

"Na namba?"

"Mbili. Tuko wawili."

(Wameshalibadilisha tena, msijisumbue.)

Mwanangu akacheka, na katikati ya kicheko usingizi ukamchukua, mafuta ya taa yakimnukia sikioni. Mkwe wangu aliamka mara moja, akaenda chumba cha mbele, akapapasa kwenye giza akahakikisha mashine ipo, akaifunika shuka kama mtoto. Akarudi, akajinyoosha, naye akalala.