Boya la Mgomba

Alhamisi, 5 Desemba 2024
Hakuna gari Kisii wala Nyamira linaloweza kunishinda. Hapo nimedanganya. Nimewahi kufungua gari moja tu, hili langu la mwaka 1974, na limenishinda. Mshale wa mafuta umelala kwenye sufuri hata tangi likijaa. Na Jumapili nampeleka binti yangu Kwamboka kufunga ndoa kanisani Keumbu. Magari mengine ameyakataa. Anataka hili, kwa sababu ndilo lililomleta marehemu mama yake hapa Kiogoro. Jirani yangu Ogeto amejitolea kutupa lake jipya. Nimemwambia kwamba bibi harusi si debe la maziwa la kukimbizwa dairi.

Ijumaa, 6 Desemba
Fundi Bosire amegusisha waya wa tangi kwenye bodi ya gari, mshale ukapanda. Basi geji ni nzima. Mgonjwa ni boya lililomo tangini: limetoboka, limekunywa petroli, limezama. Jipya litafika wiki ijayo. Akaniambia, mzee, chovya kijiti upime kama kila mtu. Mimi ni kila mtu? Nimekata kipande cha mgomba mkavu, nikakifunga mahali pa boya. Kimeelea. Mshale juu kabisa. Nimemaliza kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Jumamosi, 7 Desemba
Sabato. Gari sijaligusa. Nimewasha swichi tu. Kutazama si kazi. Mshale juu. Mahubiri yamenipita. Nilikuwa namwona marehemu mke wangu Esnah kwenye kiti cha mbele cha gari, siku ile namleta, mkoba magotini, akiniuliza kama kweli najua kuendesha. Sikujua.

Jumapili, 8 Desemba
Limezima mlimani, karibu na Keumbu. Mshale juu. Tangi kavu. Mgomba ulikuwa umevimba, ukakwama huko juu. Ogeto, aliyenifuata polepole kama mtu anayejua, akashuka na kamba ya ng'ombe. Akauliza, dairi ni upande gani. Kwamboka alikataa kuhamia gari lake. Akasema, Tata, baba yangu, usione haya, hata Mama alivutwa kwa kamba siku ulipomleta, alinihadithia. Miaka yote hiyo nilidhani Esnah alisahau. Tukafika tukivutwa, akina mama wakiimba.

Jumatatu, 9 Desemba
Bosire amepata boya mapema. Nimemrudisha nalo. Kosa lilikuwa mgomba. Gunzi la mahindi halivimbi. Nimeshalifunga. Mshale juu. Kesho naenda Nyamira kusalimia wakwe.

Jirani nimemwandikia kikaratasi: Ogeto, katika picha zote za harusi umo, tena mbele, na aliyekuweka ni mimi. Asante sijaisikia. Kesho saa mbili asubuhi pita nyuma yangu, taratibu, na kamba.