Mwenyekiti Apeleka Tambuu kwa Wenye Mto

Oktoba 2013, Jumamosi, meza yetu ya dirishani kwenye duka la donati la mtaa wa Flemingdon, huku ughaibuni, ilikuwa haikaliki kwa kelele. Zulfikar, dereva wa teksi za uwanja wa ndege tunayemwita Breki kwa sababu hana, alilibwaga gazeti juu ya vikombe.

"Someni wenyewe! Kampuni inataka kupitisha mafuta mazito kwenye bomba la miaka ya sabini, na bomba lenyewe liko hapo bondeni kando ya mto, nyuma ya maghorofa yetu. Wanaopinga kwa nguvu ni nani? Wenyeji wa asili!"

"Hao wana nafasi ya kusema kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya bomba," akadakia Nasrudin, yaani Profesa, aliyeishia darasa la saba lakini hakuna asichofundisha. "Mpangaji kama wewe unajaza fomu kurasa kumi kueleza bomba linakuhusu nini."

"Linanihusu nini? Likipasuka nitaoga mafuta, ndivyo linavyonihusu!"

"Basi andika hivyo. Zimebaki kurasa tisa na nusu."

"Na wale ndio wanaoujua mto," Breki akaendelea. "Wamekaa nao tangu na tangu. Serikali imekuja juzi, inatufundisha kutunza miti kwa vipeperushi vya karatasi!"

"Halafu miaka mia tano wanaitwa Wahindi," nikachomeka, "na Wahindi wenyewe tupo hapa tunakula donati."

Mara akaingia Roshanali, mwenyekiti wa wapangaji, tai shingoni, uso umemshuka. Fomu yetu ilikuwa imekataliwa, kwa hiyo asubuhi hiyo alishuka mtoni na mkewe Khatijabai, kumwomba bibi mmoja wa wenyeji atumegee dakika zake kikaoni. Hotuba alikuwa ameifanyia mazoezi wiki mbili ndani ya lifti, hadi majirani wakahamia ngazi.

"Mwenyekiti, bibi amekubali?"

Akaketi. "Niliambiwa ukienda kuwaomba wazee wao jambo, unatanguliza tumbaku. Ndiyo heshima yao."

"Ukapeleka?"

"Nikapeleka tambuu."

"Ya Ali!" Profesa akashika kichwa.

"Mbili, za maduka ya Kihindi ya mtaa wa Gerrard, tumbaku imo ndani! Bibi akazigeuzageuza, akauliza zinaliwaje. Nikaona nimwonyeshe, nikatia moja mdomoni."

"Umetafuna zawadi ya mwenyewe!"

"Moja tu bwana!"

"Halafu?"

"Sasa tambuu ikishajaa mdomoni utafanyaje?"

Breki akasimama. "Usiniambie ulitema."

"Kando."

"Kando ya nini?"

"Ya mto."

Lo! Meza ilitaka kupinduka. Breki alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Mtu kaenda kuyaombea maji, kayatemea mate mekundu!"

"Kampuni haijamwaga hata tone," Profesa akasema, "Mwenyekiti keshaizidi!"

"Chekeni tu!" Roshanali akafoka. "Watoto wetu wanacheza juu ya lile bomba!" Mjukuu wangu Hawra hubembea pale pale kila jioni, na kusema kweli niliona haya kwa kicheko changu.

"Bibi alikufukuza?" nikauliza taratibu.

"Hakunifukuza. Mke wangu alikuwa ameshainama, anazoa yale majani yenye mate kwa mtandio wake, huku ananitukana kwa Kikachi chetu cha nyumbani. Bibi akamtazama, akainama naye, wakazoa pamoja. Alipoinuka akasema dakika tano anatupa."

"Alhamdulillahi! Sasa uso huo wa nini?"

"Kwao wanaoyasemea maji ni wanawake. Atakayezungumza ni Khatijabai."

"Na hotuba yako?"

Roshanali akailegeza tai.

"Khatijabai, dakika tano?" Breki akapiga meza. "Yule salamu peke yake ni robo saa!"

"Hata mimi nilimwambia bibi hivyo hivyo. Nikasema, mama, huyu dakika tano hazimtoshi hata kidogo." Roshanali akakitazama kikombe. "Mke wangu akanijibu mbele ya bibi mwenyewe: 'Miaka thelathini na minne nasema nyumbani na hakuna anayesikia. Dakika tano za kusikilizwa zitanitosha.'"

Profesa akajifanya anatafuta miwani, nayo iko usoni. Breki akavaa koti, akasema anawahi nyumbani. Asubuhi mkewe alikuwa akimweleza jambo, na hakumbuki hata lilihusu nini.