Daktari Kisiki na Mpango wa Taifa wa Kubaki Hai

Serikali, kwa kujali afya ya wananchi wake bila kuchoka na bila kuulizwa, ilitangaza kwa furaha kubwa kuanzishwa kwa Mpango wa Taifa wa Kubaki Hai. Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa Waziri wa Afya mwenyewe, amevaa kofia ya porini na kaptura iliyopigwa pasi barabara. Alisema kuanzia sasa hospitali za umma hazitaendeshwa tena kwa mazoea ya kizamani ya dawa na vifaa, bali kwa ari. Ari, alifafanua, haiagizwi kutoka nje wala haina tarehe ya kuharibika. Watu wakapiga makofi. Waliochelewa kupiga wakaangaliwa.

Chanzo cha mapinduzi hayo ni daktari mmoja wa wodi ya wazazi, mama mfupi, mkavu wa maneno, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa muda si mrefu. Mdogo wake ndiye aliyemwandikisha kwenye kile kipindi cha televisheni, Baki Ukiweza, ambamo watu wazima wenye akili zao wanapelekwa msituni bila chakula wala godoro. Kila wiki wanakaa kuzunguka moto na kumtoa mwenzao mmoja kwa kura ya siri, mpaka abaki mmoja. Daktari alikubali kwa sababu alikuwa na likizo, na aliambiwa kwamba kule msituni watu wanalala mpaka jua litoke. Alikuwa hajaalikwa mahali pazuri hivyo miaka mingi.

Basi akashinda. Watunisha misuli walilia kwa njaa, mwanajeshi mstaafu akaomba arudishwe kwa mama yake, yeye akanenepa. Siku ya mwisho washindani walisimamishwa juu ya visiki, anayeshuka ndiye katoka. Wenzake wakadondoka mmoja mmoja. Yeye akasimama tu, anapiga miayo, mpaka mtangazaji mwenyewe akachoka akakaa chini. Tangu siku hiyo nchi nzima ikamwita Daktari Kisiki.

"Siri yako ni nini?" mtangazaji akamuuliza mbele ya kamera.

"Siri gani tena, kaka? Kule kuna mto, maji yanatiririka kutwa. Kazini kwetu tunabeba ndoo. Kule ukiwasha moto unaona unachofanya. Kwetu nimezalisha kwa tochi ya simu, na aliyeishika ni mzazi mwenyewe, huku anasukuma. Na hiyo ya kusimama, we njoo zamu yetu siku moja. Mimi nilikuwa napumzika."

Wizara ilisikiliza kauli hiyo kwa makini, ikairudia, ikaielewa vizuri kabisa: daktari alikuwa anaishukuru kwa mafunzo bora.

Ndipo kikaundwa cheo cha Mkurugenzi wa Ustahimilivu. Alipewa bwana mmoja mwembamba, mchapakazi, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kucheka kabla Mheshimiwa hajamaliza mzaha, asije akachelewa. Mkurugenzi akatoa waraka, Mheshimiwa akautia saini. Kila Ijumaa adhuhuri, wakuu wa idara zote za hospitali wataketi kuzunguka moto uani, kati ya dobi na mochari, kila mmoja na kibatari chake kimewashwa. Watapiga kura ya siri. Idara yenye kura nyingi itatolewa, kibatari chake kitapulizwa, na shughuli zake zote hospitalini zitakoma papo hapo, bila rufaa. Yote hayo yataonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, kwa ajili ya uwazi.

Kuna mtu aliuliza vibatari vya nini jua likiwa utosini. Mkurugenzi akamjibu kwamba mwanga ni mwanga, na akamwandika jina.

Idara ya meno ndiyo iliyotangulia kutolewa. Wagonjwa wake wakashauriwa watafunie upande wa pili mpaka bajeti ijayo. Ikafuata idara ya mazoezi ya viungo. Wagonjwa wakaamriwa waondoke mbio, nao wakaondoka kwa kadiri walivyojaliwa. Wizara ikatoa taarifa kwamba foleni zimepungua sana, jambo ambalo halikuwa uongo hata kidogo.

Kisha Mkurugenzi akamwita Daktari Kisiki ofisini. Alimkaribisha kiti, akamvisha kilemba cha ukoka wee, eti yeye ndiye mama wa mpango, eti hata Mheshimiwa nyumbani kwake wanamtaja wakati wa kula. Halafu akafungua kompyuta.

"Sasa dada yangu, tusifichane. Viashiria vya wodi yako ni vibaya."

"Vibaya vipi? Mwezi huu hatujampoteza mama hata mmoja."

"Hapo hapo. Angalia mwenyewe." Akageuza kompyuta. "Idara nyingine anaingia mtu mmoja, anatoka mmoja. Mochari hata huyo mmoja hatoki kwa miguu yake. Wodi yako anaingia mmoja, wanatoka wawili. Juzi walitoka watatu! Dada, ninyi mnaongeza mzigo. Nimeongea na wakuu wenzako, Ijumaa hii watajua la kufanya."

Daktari akairudisha kompyuta ilikotoka. "Na kina mama watajifungulia wapi?"

"Mwanamke ana ustahimilivu wa asili. Bibi zetu walijifungulia wapi?"

"Wengine walizikwa na mtoto tumboni, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alitafakari jambo hilo, kisha akaliandika chini ya maoni ya wadau. Akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye binafsi hatamwaga unga. Atakuwa Balozi wa Kubaki Hai, picha yake itabandikwa kila ukuta, amesimama juu ya kisiki. Tena Ijumaa avae vizuri, maana Mheshimiwa Waziri anakuja mwenyewe kushika kibatari cha wizara, kama mshiriki wa heshima. Wananchi waone kwamba viongozi nao wanastahimili.

"Mshiriki?" Daktari akauliza. "Kwa hiyo na yeye anaweza kutolewa?"

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa mujibu wa waraka, anaweza. Kwa mujibu wa akili, nani atathubutu?"

Daktari alitoka pale bila kuaga. Wodini alimkuta Sista, mkunga mkuu, anafua shuka kwa mkono huku anamfokea mama mmoja asisukume kabla hajaambiwa. Alipompa habari, Sista aliacha shuka kwenye maji akaanza kulia, bila kuficha.

"Wataanza kuzalia kwenye foleni, Daktari. Mlangoni kabisa. Na sisi tunawaangalia."

"Usilie. Nina jambo. Ila lina hatari."

"Hatari kuliko hii?"

Jioni hiyo na siku zilizofuata, Daktari alizunguka idara moja baada ya nyingine. Kule msituni alijifunza kwamba mtu hamwambii mwenzake kura yake mbele ya kadamnasi. Anamfuata anapochota maji. Alimfuata mkuu wa maabara, akamfuata mkuu wa wodi ya watoto, akamfuata mpishi mkuu kwenye masufuria yake. Wote walimsikiliza, wakaangalia mlangoni, wakasema wataona. Mwisho akaenda kwa Babu Baridi, msimamizi wa mochari, aliyekuwa anakunywa chai ya rangi kizingitini.

"Mimi sina presha, mwanangu," akasema. "Idara yangu hawaigusi. Wateja hawalalamiki."

"Babu, sikiliza. Idara ikitolewa, shughuli zake zote hapa zinakoma. Si ndiyo?"

"Ndiyo waraka unavyosema."

"Sasa wizara ina shughuli gani hapa hospitali? Dawa haileti. Maji haileti. Shughuli yake ni moja tu, hilo baraza la Ijumaa."

Babu Baridi aliteremsha kikombe polepole. "Unataka nimpigie kura Waziri? Mtoto wee! Mimi nina wajukuu."

"Kura ni ya siri."

"Siri ya wapi, ya serikali? Hiyo naijua." Akamwaga machicha ya chai. "Wajukuu wenyewe uliwazalisha wewe, wote. Yule wa mwisho alikuja na kitovu shingoni."

"Namkumbuka."

"Mtundu kweli," akasema Babu Baridi, na hakuahidi kitu.

Ijumaa Waziri alifika na msafara, kofia ya porini kichwani. Jua lilikuwa linachoma, moto unachoma, moshi unawafuata wapiga picha. Wagonjwa walikuwa wamejazana madirishani na drip zao. Daktari alishika kibatari chake. Alijaribu kuwasoma wenzake usoni, lakini kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Akajua wamemwogopa Waziri, na kwa kweli hakuwalaumu. Alichowaza ni yule mama aliyemwacha ndani na uchungu wa kwanza.

Karatasi zikagawiwa. Waziri hakuigusa ya kwake. "Andika wewe," akamwambia Mkurugenzi. "Unajua ninachotaka."

"Najua kabisa, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, akaandika.

Kisha Mkurugenzi, kama mwenyekiti, akachanganya kura kwenye chungu na kuanza kusoma kwa sauti ya sherehe. Akafungua ya kwanza. "Wizara." Akacheka kidogo. "Kuna mwenzetu hajaelewa zoezi." Akafungua ya pili. "Wizara." Hapo hakucheka. Ya tatu ilikuwa wizara. Dirishani mtu akapiga kigelegele, muuguzi akamziba mdomo, kisha muuguzi akapiga chake. Daktari alimtazama Babu Baridi; Babu Baridi alikuwa anatazama mawinguni kama mtu anayesubiri mvua. Machozi yakamtoka Daktari palepale, mbele ya kamera, na hakuyafuta.

"Zima hizo kamera!" Waziri akainuka.

"Waraka unasema moja kwa moja, Mheshimiwa," akajibu mpiga picha. "Saini ni yako."

"Hili ni tatizo la kiufundi. Tutarudia zoezi."

"Hakuna kurudia, Mheshimiwa," akasema Daktari. "Waraka unasema bila rufaa. Ukitolewa unaacha kibatari unakwenda zako. Msituni hata yule mwanajeshi alikwenda, tena kwa miguu."

Mkurugenzi aliendelea kusoma, maana waraka ulimtaka asome zote. Karatasi yenye mafuta ya jikoni, wizara. Sijui ya nani tena, wizara. Kura ya mwisho aliifungua taratibu sana, akaisoma taratibu sana. Wizara. Haikubaki karatasi hata moja chunguni, na wodi ya wazazi haikuwa imetajwa popote.

Waziri hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini hii ilimjia. Walioketi pale ni wakuu wa idara na yeye. Karatasi zilizosomwa ni zao na ya kwake. Akamgeukia Mkurugenzi wake, uso umemvimba.

"Kura yetu," akamuuliza kwa sauti ya chini, ambayo kipaza sauti kiliipeleka nchi nzima, "uliandika nini?"

Mkurugenzi wa Ustahimilivu, mtu aliyesubiri kiti cha uwaziri kwa miaka mingi na kwa ari isiyoagizwa kutoka nje, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kura ni siri, Mheshimiwa," akasema. Kisha akainama, kwa heshima zote, akakipuliza kibatari cha wizara.